Kumvusha mzee miezi ya baridi: mwongozo kamili kwa familia za Nyanda za Juu Kusini

Mwishoni mwa Mei baridi ya huku kwetu huanza kuuma, na haiachii mpaka Agosti inaisha. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Njombe na Mafinga ziko juu zaidi, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600 hivi. Upande wa Makete kuna alfajiri za Julai ambapo umande huganda juu ya nyasi. Kijana huvaa sweta akaenda zake shambani. Mzee wa miaka 75 mwili wake hauwezi tena hivyo: nyama zimepungua, damu inatembea polepole, na ule mtetemeko unaouzalishia mwili joto huchelewa kuja au hauji kabisa. Wazee wengi hata hawahisi kwamba wamepoa. Unamkuta bibi amekaa na khanga moja begani, ukimuuliza anasema hana baridi. Mshike mkono, ni wa baridi kama maji ya kisima.

Hatari ya pili tunaileta wenyewe kwa nia njema, nayo ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Ndiyo maana yote yanayofuata hapa yanasimama juu ya jambo moja: mpashe moto mzee na kitanda chake, usipashe chumba.

Maandalizi yaanze Mei. Ukisubiri mpaka mzee aanze kukohoa umeshachelewa.

Hatua ya 1: Panga naye, usimpangie

Kabla hujagusa chochote chumbani kwake, kaa naye. Mzee aliyezoea kuamua mambo ya ukoo mzima hafurahi kuona wanawe wameshuka kwenye basi la Dar es Salaam na orodha ya amri. Lugha iwe ya kuomba: "Shikamoo baba. Tumeona baridi inakaribia, tukasema tuje tushauriane namna utakavyolala vizuri." Kisha nyamaza umsikilize. Mara nyingi anajua tatizo liko wapi. Atakwambia upepo unapita chini ya mlango, magoti yanamwamsha saa 10 usiku, au anaogopa ngazi ya kwenda chooni. Anza na hilo alilolitaja, hata kama wewe ulikuja na lako.

Jambo la pili la kuafikiana ni nani atamsaidia nini. Kwa Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe wake wana miiko ya zamani ya kukwepana, na hata pale miiko ilipolegea, aibu bado ipo. Ukimwachia mke wako kazi ya kumwogesha baba yako, wote wawili watateseka kimya: yeye atakwepa, na mzee atakaa bila kuoga. Tafuteni mtoto wa kiume, mjukuu, au mtu wa kulipwa ambaye mzee anamkubali. Kwa bibi vivyo hivyo, awepo binti au mjukuu wa kike. Semeni wazi ni nani na siku zipi.

Hatua ya 2: Jiko la mkaa lisilale ndani

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu kuliko oksijeni, hivyo moyo na ubongo vinakosa hewa huku mtu akidhani anapitiwa na usingizi mtamu. Aliyelala haamki kujiokoa.

Watu wengi wanaamini mkaa ukishaiva, ukawa mwekundu bila moshi, hauna madhara. Si kweli. Huo uliokolea bado unatoa sumu, tena nyingi. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakuondoi chochote. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kwa mtu anayelala hapo usiku kucha, na katika usiku wa Njombe kuna mtu ataamka alifunge. Jiko la gesi na jenereta nazo zina sumu hiyohiyo zikiwashwa ndani pasipo hewa.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Mzee aote moto jikoni au sebuleni, mlango ukiwa wazi, mpaka muda wa kulala. Akienda kulala, jiko linatolewa nje ya nyumba kabisa, si kwenye korido. Mmoja wa nyumbani apewe kazi hiyo kila usiku, jina lake lijulikane, kwa sababu jambo la wote huishia kuwa la hakuna. Mzee anayeishi peke yake na aliyezoea jiko chumbani hatalitoa kwa kuambiwa tu; atalitoa akipewa kitanda chenye joto kuliko jiko, na hilo tunalifikia hatua inayofuata.

Dalili za sumu ya mkaa ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na maneno kuchanganyika. Ukiona watu wawili watatu ndani ya nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja asubuhi, usifikirie malaria kwanza, fikiria jiko. Fungua milango yote, watoe nje kwenye hewa safi, nawe usikae mle ndani. Kisha hospitali, hata kama mzee ameamka na anasema yuko sawa, kwa kuwa anahitaji kupewa oksijeni na kuangaliwa moyo.

Moto wa kuota nao una ajali zake. Khanga na mgolole hushika moto upesi mtu akiinama. Mzee mwenye kisukari anaweza kuunguza nyayo asijue, maana miguu yake imepoteza hisia. Akae umbali ambao mkono wako wewe ukiuweka pale alipo mguu wake hausikii kuungua.

Hatua ya 3: Kitanda kwanza, chumba baadaye

Baridi ya kitanda hutoka chini kuliko juu. Godoro jembamba la sponji juu ya chaga linapitisha ubaridi wote wa sakafu, na mzee anaweza kufunikwa blanketi tatu huku mgongo wake ukipoa. Tandika kitu kizito kati ya chaga na godoro: mkeka, maboksi yaliyokunjuliwa, blanketi kuukuu. Juu ya godoro weka blanketi moja laini, ndipo shuka. Sasa blanketi la juu litafanya kazi yake. Blanketi nzito za mitumba zinapatikana kila soko la huku. Zifue na kuzianika vizuri juani kabla ya matumizi. Ila usimlundikie uzito hadi ashindwe kujigeuza. Mawili mepesi yenye manyoya ni bora kuliko moja zito kama mlango.

Chupa ya mpira ya maji ya moto ni msaada mkubwa. Maji yawe ya moto lakini yasiwe yametoka kuchemka, kifuniko kikazwe, chupa ifungwe kwenye taulo. Iweke kitandani nusu saa kabla mzee hajapanda, kisha itoe anapolala. Chupa za plastiki za maji ya dukani zisitumike kwa kazi hii. Hulegea na kupasuka.

Kwenye chumba chenyewe, ziba upepo wa chini ya mlango kwa gunia au nguo iliyokunjwa kama nyoka. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto lote juu, na wakati wa alfajiri matone hudondoka kutoka kwenye bati. Kama hela ya mbao za dari haipo, turubai au vitambaa vizito vilivyofungwa juu ya eneo la kitanda hupunguza baridi waziwazi. Acha tundu la hewa la juu lipumue. Kitanda kisigusane na ukuta wa nje. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isiwe chini ya nyuzi 18, na wengi wetu hatufiki hapo usiku wa Julai. Ndiyo maana nasisitiza kitanda.

Hatua ya 4: Mavazi

Nguo nyembamba mbili au tatu zilizopandana hutunza joto kuliko koti moja. Fulana ya ndani ya pamba, shati au blauzi, sweta, kisha mgolole, shuka au kitenge kizito juu. Kofia ya marvini avae mpaka kitandani, na soksi pia.

Soksi zina neno la kuongezea. Kwenye sakafu ya saruji huteleza vibaya, na soksi ndani ya ndala ni kumtafutia mzee kuvunjika nyonga. Mnunulie viatu vya kufunika vyenye soli ya mpira, vya kuvaa bila kuinama kufunga kamba.

Nguo ikilowa, kwa ukungu, jasho au mkojo, ibadilishwe hapohapo. Kuoga si lazima kila siku katika miezi hii; siku moja moja inatosha, na siku nyingine anawe uso, kwapa, sehemu za siri na miguu. Aoge saa 7 au saa 8 mchana, kamwe si alfajiri, na anayemwogesha apime maji kwa kiwiko chake. Baada ya kukauka, apakwe mafuta ya mgando. Ngozi kavu ya baridi hupasuka na vidonda vya wazee huchelewa kupona.

Hatua ya 5: Jua, chakula, maji, na suala la pombe

Miezi hii ina zawadi moja: ukungu ukishaondoka, jua la saa 4 asubuhi mpaka saa 9 huwa zuri sana. Mtoe mzee nje akaote jua upande usio na upepo, kiti kikiwa na egemeo. Nusu saa ya jua hupasha mwili vizuri kuliko moto na haina moshi. Pia ndipo majirani humwona wakapiga naye soga. Mzee anayekaa ndani Juni nzima hudhoofika miguu, na huzuni humwingia bila yeye kuitaja. Akiwa pale nje, ainuke na kukaa kwenye kiti mara kadhaa, akishikilia egemeo. Zoezi hilo dogo ndilo litakalomsaidia kuinuka kitandani na chooni.

Mwili unaopigana na baridi unataka kula. Milo mitatu midogo yenye kitu cha moto kila mara ni bora kuliko ugali mkubwa mmoja wa jioni. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa au maziwa. Mchana na jioni maharage, njegere, mayai, dagaa, au samaki wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela, pamoja na viazi mviringo na mboga za majani. Kama meno yamekwisha, ponda maharage na viazi, saga dagaa wawe unga uchanganye kwenye mchuzi. Parachichi tunalo tele Rungwe na Njombe, laini na lenye nguvu. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye amuulize daktari kwanza.

Angalia sahani ya bibi anayelea wajukuu. Mikoa yetu ina mabibi wengi waliobaki na watoto wa wanao waliofariki, na bibi wa namna hiyo hupakua cha watoto kwanza, akabaki na mchuzi. Mpakulie sahani yake, mkae naye mpaka amalize. Nalisema hili kwa uzito wote: kukonda kwa mzee si jambo la kawaida ya uzee. Nguo zikianza kumpwaya, apelekwe akapimwe.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ikiwamo ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya dukani. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu ileile inayopandisha presha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, na magadi hayatahitajika.

Maji ni tatizo la siri. Kiu hupungua uzeeni, na wazee wengi huacha kunywa kwa makusudi ili wasitoke nje usiku kwenda chooni. Matokeo yake ni kizunguzungu, choo kigumu, mkojo wa kuchoma na kuchanganyikiwa. Suluhisho ni kuhamisha saa: vikombe vingi anywe kati ya asubuhi na saa 10 jioni, baada ya jua kuzama apunguze. Jaza chupa ya chai maji ya uvuguvugu au chai ya rangi isiyokolea, iwe karibu na kiti chake. Vikombe sita hadi vinane kwa siku vinatosha wengi. Mwenye moyo uliochoka au figo mbovu afuate kiasi alichopewa na daktari wake.

Na pombe? Ulanzi, komoni, kimpumu, zote zina sifa ya kuondoa baridi, na mzee atakwambia amezinywa tangu ujana. Kinachotokea ni kwamba pombe hufungua mishipa ya ngozini, joto la ndani likatoka nje. Anahisi moto huku mwili unapoa. Ongeza giza, utelezi na presha ya kushuka, na unapata mzee aliyelala njiani. Sitegemei mtu wa miaka 80 aache klabu alikokutana na marika wenzake maisha yake yote. Ombi lako liwe hili: anywe kidogo, mchana, akiwa ameshakula, na awepo wa kumrudisha nyumbani kabla jua halijazama. Akiwa anatumia dawa za presha, sukari au usingizi, mhudumu wa afya aambiwe ukweli kuhusu pombe.

Hatua ya 6: Njia ya usiku kwenda chooni

Mifupa mingi ya wazee huvunjikia kwenye mita chache hizi, saa 9 usiku, gizani, baridi kali.

Kwa usiku, mpe ndoo imara yenye mfuniko au kiti cha choo ndani ya chumba. Atakataa mwanzoni kwa aibu. Mwambie kwa faragha, mtu wa jinsia yake, na ahakikishiwe kwamba itamwagwa kabla watu hawajaamka. Kama lazima atoke, pawe na taa ya sola inayowaka usiku kucha, kamba au fito ya kushikilia toka mlangoni hadi chooni, na changarawe juu ya udongo unaoteleza. Ndani ya choo cha shimo funga nguzo ya kushika anapochuchumaa. Ukiweza, jenga kiti juu ya tundu. Tochi ilale chini ya mto, mkongojo uegemee kitanda upande anaoshukia.

Asiinuke ghafla. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe miguu, ndipo asimame akiwa ameshika kitu.

Hatua ya 7: Presha, sukari na kopo la dawa

Baridi hubana mishipa ya damu, na presha hupanda. Kwa hiyo mzee apimwe kabla ya baridi kuanza na tena katikati yake, hata kama anajiona mzima. Kipimo cha 140/90 na kuendelea, kikirudia siku tofauti, ni cha kumpeleka kwa daktari.

Upimaji wa huku una kosa linaloletwa na baridi yenyewe, la kupima juu ya sweta, au kukunja mikono mitatu ya nguo mpaka inabana kama kamba. Namba inayotoka hapo haina maana. Avuliwe ule mkono mmoja, akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, asiwe ametoka kupanda kilima muda huo. Pima mara mbili. Mashine ya kufunga juu ya kiwiko inaaminika kuliko ya kifundo cha mkono. Andika kwenye daftari, pamoja na tarehe. 180/120 au zaidi akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kikali, kupumua kwa shida au mkono kulegea ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Bila dalili yoyote, apumzike, apimwe tena, na aonwe siku hiyo.

Dawa za presha hazinywewi siku ya kuumwa tu. Mzee akisema "presha yangu imeshuka, nimepona," mweleze kwa upole kuwa imeshuka kwa sababu ya dawa. Nendeni kuchukua nyingine zikibaki za wiki moja, zisije zikakatika ghafla. Dawa ya kukojoza kwa kawaida hunywewa asubuhi, ili isimwamshe usiku.

Fungua kopo lake la dawa mezani pamoja naye. Utakuta vidonge vya miaka tofauti, na karibu kila mara utakuta diklofenaki ya magoti aliyonunua dukani. Dawa hiyo na za jamii yake hupandisha presha, huumiza figo na tumbo. Kwa maumivu ya kawaida ya baridi, panadoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi, pamoja na kitambaa cha uvuguvugu na kunyoosha viungo. Dawa za mafua za dukani nazo baadhi hupandisha presha; mtajie mwuzaji kwamba mgonjwa ana presha kabla hajakupa. Mitishamba anayotumia itajwe kwa daktari bila kuificha.

Mwenye kisukari aangaliwe miguu kila jioni, kati ya vidole na chini ya nyayo, na mtu mwenye macho mazuri.

Hatua ya 8: Ishara ambazo hazisubiri asubuhi

Mwili uliopoa. Mzee anaongea polepole kama mlevi, vidole vinashindwa vifungo, anasinzia, na ukiingiza mkono chini ya nguo zake tumbo ni la baridi. Joto la mwili chini ya nyuzi 35 ni hatari ya maisha. Mvue nguo zenye unyevu, mfunike mwili mzima na kichwa, mtu alale naye ngozi kwa ngozi chini ya blanketi. Kama yu macho na anameza vizuri, mpe chai ya uvuguvugu yenye sukari. Usimsugue miguu na mikono, usimsogeze motoni, usimpe pombe. Mnyanyueni taratibu mkimpeleka hospitali, kwa kuwa moyo uliopoa haupendi kutikiswa.

Kiharusi. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, na atamke sentensi moja. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukishuka, au maneno yakikataa, angalia saa na uikumbuke, maana daktari atauliza ilianza lini. Usimpe chakula, maji wala aspirini. Akitapika, mlaze ubavu. Najua katika vijiji vyetu wapo watakaosema amepigwa na upepo mbaya, wakataka aanzie kwa mganga. Hata kama ukoo unaamini hivyo, hospitali iwe ya kwanza. Ubongo unakufa dakika kwa dakika, na mazungumzo mengine ya ukoo yanaweza kusubiri.

Nimonia. Kwa mzee inaweza kuja bila homa na bila kikohozi kikubwa. Unachokiona ni kwamba jana alikuwa anazungumza na leo hataki kula, amechanganyikiwa, anahema haraka. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima. 25 au zaidi, mpeleke. Midomo ikiwa ya bluu, usihesabu, mpeleke.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla peke yake kunatosha. Uzee haumfanyi mtu asahau jina la mwanawe kati ya Jumatatu na Jumanne. Kuna maambukizi, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, au dawa iliyozidi, na mengi ya hayo yanatibika.

Akianguka, usimnyanyue kwa pupa. Mfunike kwanza, muulize panapouma. Mguu ukiwa umefupika na kugeukia nje, au akishindwa kuukanyagia, nyonga imevunjika: msimkande, msimpeleke kwa mwunga mifupa, abebwe kwenye ubao au godoro.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi hakihitaji mbio za usiku, lakini makohozi yapimwe kifua kikuu. Matibabu yake ni bure, na kwa wazee mara nyingi ugonjwa huo hufichwa nyuma ya maneno "ni moshi wa jikoni tu."

Hatua ya 9: Kadi, gari na simu

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wana haki ya matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Utambuzi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, kisha halmashauri hutoa kitambulisho. Fuatilieni Mei, si siku ya ugonjwa. Hata hivyo wekeni akiba ya dawa, kwani dirisha la kuhudumia wazee hospitalini linaweza kuwa wazi na dawa isiwepo.

Amueni mapema mtaenda wapi: zahanati ya karibu kwa madogo, na kwa makubwa hospitali inayofikika, iwe Rufaa ya Kanda Mbeya, hospitali ya mkoa Iringa au Njombe, Makandana kwa walio Tukuyu, Ikonda kwa walio Makete, Ilembula au Tosamaganga. Bodaboda usiku haimfai mzee anayeumwa. Upepo ule utampoza na anaweza kudondoka. Ongeeni sasa na mwenye gari jirani, bei ijulikane, namba yake iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Kwa mliopo mbali, simu ya "habari za huko?" haitawaambia kitu. Mzee wetu akiulizwa habari atajibu nzuri hata akiwa hoi. Muulize mambo yenye majibu: "Mama, leo mchana umekula nini? Umeota jua? Dawa ya asubuhi umekunywa na nini? Jana usiku jiko alitoa nani?" Sikiliza sauti yenyewe, kama inaburuta au anarudia jambo. Mtumie jirani mmoja vocha ya kila mwezi, naye awe na kazi ya kumjulia hali kila asubuhi kabla ya saa 2. Ikifika saa hiyo mlango haujafunguliwa, agonge na apige simu.

Siku ya kwenda hospitali chukueni kitambulisho, daftari la presha, dawa zote pamoja na zile za dukani na za asili, blanketi na nguo ya kubadilisha. Aende na mtu anayeishi naye, anayejua alianza lini na anakunywa nini. Kabla ya kutoka muulizeni daktari ni dawa ipi imeongezwa na ipi imesimamishwa. Mkifika nyumbani, zilizosimamishwa ziondolewe kwenye kopo la mzee siku hiyohiyo.